Anayegonga Chumbani kwa Ularbek

Yekaterinburg, 11 Februari

Mama yangu,

Nakuamkia kwa heshima zote. Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi ni mzima. Huku theluji imefika madirishani, na kiwandani tunashona makoti ya watoto, kwa hiyo vidole vyangu angalau havijalala. Gulbara ninayekaa naye chumba kimoja anakusalimu sana. Amepata mchumba, Mtatari mwenye meno ya dhahabu; anamcheka kutwa nzima na bado anampikia. Nimesikia ng'ombe wetu mwekundu amezaa. Hongera. Ndama ni jike au dume?

Najua umesema hutaki simu, kwamba kila anayepiga ni pole, pole, hadi sikio linakuwasha. Basi naandika, na Bakyt dereva atakuletea.

Mama, Bakyt huyo huyo ameniambia jambo. Anasema alipoingia kukushushia unga alisikia kugonga chumbani kwa Ularbek. Kwamba kile kisanduku cheusi chini ya meza yake bado kinawaka, na ndani mna kitu kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena.

Tafadhali kizime. Leo hii, ukimaliza kusoma hapa. Humo ndani mna diski nne. Kila harusi, kila tohara na kila matanga ya bonde letu ambayo kaka yangu aliyapiga picha yamo humo, yamegawanywa vipande vipande juu ya zote nne. Aliwahi kunieleza mwenyewe: moja ikifa, tatu zilizobaki zinaibeba kazi yake. Zikifa mbili, basi, yote yamekwenda. Hiyo inayogonga imeshakufa, Mama. Na umeme mnaokatiwa na kurudishiwa kila siku utaziua na nyingine.

Unajua kwa nini nahangaika. Yeye daima alikuwa nyuma ya kamera. Bonde zima limo humo isipokuwa uso wake. Lakini sauti yake imo. Simu yangu iliibwa sokoni pamoja na jumbe zake zote, na simu yake ilikwenda mtoni pamoja na gari. Sina sauti ya kaka yangu mahali pengine popote duniani.

Kizime, Mama yangu.

Kanyshai wako


Kök-Jar, 2 Machi

Binti yangu Kanyshai,

Salamu zako zimefika, na Bakyt naye kafika, mdomo wake ukitangulia mbele ya gari kama kawaida yake. Ndama ni dume, tena mkorofi, keshakula pindo la koti langu. Magoti yapo, hayajaenda popote. Mwambie Gulbara asimcheke mwenzake. Mwanamume mwenye dhahabu mdomoni hawezi kusema hana kitu.

Kuhusu kisanduku, sikizimi.

Wala usinisomeshe habari za diski. Nimeishi na kile kisanduku miaka. Kilikuwa kinakoroma tu kama paka, hakikuwahi kugonga. Kimeanza kugonga jioni ile wanaume walipotoka makaburini, umeme uliporudi. Watu walikuwa bado wanakunywa chai. Baba yako mkubwa Kachkyn akaweka bakuli chini, akauliza, "Nani huyo anagonga?" Nikamwambia, "Ni mwenye chumba." Hakuna aliyegusa chai tena.

Umeme ukikatika, ananyamaza. Ukirudi, naye anarudi. Anagonga, anatulia kidogo, anagonga tena, vile vile alivyokuwa akifanya akichelewa harusini: hataki kuniamsha, lakini anataka mlango ufunguliwe. Ijumaa sikaangi maandazi ya boorsok jikoni siku hizi. Nahamisha jiko na sufuria chumbani kwake, harufu ya mafuta imfikie bila kuitafuta. Nikimaliza naketi hapo, namweleza habari za kijiji. Nicheke ukitaka.

Wewe hukuwepo kumzika. Najua, makaratasi yako, ukitoka huko hurudi. Nimewaeleza watu wote, na aliyekunja pua nimemkunjia ngumi. Lakini usiniambie nimfungie mwanangu mlango.

Nakutumia mfuko wa kurut, zile jibini kavu zenye chumvi nyingi uzipendazo. Usimalizie zote kwa huyo Gulbara.

Mama yako


Yekaterinburg, 21 Machi

Mama,

Heri ya mwaka mpya wa Nooruz. Mmepika uji wa sumolok, au mwaka huu umewaachia majirani? Sisi tulijaribu kwenye sufuria ya umeme, ikaungua chini, tukaila hivyo hivyo kwa kuwa hakuna wa kutukemea. Kurut zimefika. Gulbara kala mbili, akasema ni mawe, nikamshukuru Mungu.

Umenikasirisha, Mama, na nimengoja hasira ishuke lakini haishuki, kwa hiyo naandika nayo.

Si Ularbek. Nimemuuliza fundi wa hapa, mwanamke mmoja anaitwa Dilyara, kazi yake ni hizo hizo diski. Ndani mna sahani inayozunguka, na juu yake mkono mdogo wa chuma unaosoma. Mkono ukiharibika unatafuta mahali pa kusoma, haupati, unarudi nyuma na kujigonga. Unatafuta tena, unajigonga tena. Ndicho unachokisikia. Na kila unapotafuta unaikwaruza ile sahani, na kilichoandikwa juu ya sahani ndicho kinachobanduka.

Umenielewa? Umekaa hapo na boorsok zako unamsikiliza anavyofutika. Wewe mwenyewe ndiye unayemwachia umeme.

Nisamehe. La, usinisamehe, zima kwanza.

Kanyshai


Kök-Jar, 14 Aprili

Kanyshai,

Shughuli ya arobaini imepita salama. Tulichinja yule farasi jike mzee, nyama ngumu lakini mchuzi mzuri, na watu walikuja wengi kuliko tulivyowategemea. Shangazi yako alilia hadi akapoteza kilemba. Theluji inayeyuka, uwanja wote matope, ndama ameteleza akakaa chini kama mtu.

Sasa sikiliza, upunguze ukali. Wale watatu waliomuosha, yaani baba yako mkubwa Kachkyn, mjomba wako Satar na Eshim mume wa shangazi yako, siku ya mazishi waliondoka mikono mitupu. Aibu hiyo unaijua: aliyemuosha maiti haondoki bila vazi la marehemu. Lakini Ularbek aliacha vazi gani? Koti la maana lilikwenda naye mtoni. Zimebaki fulana zenye mafuvu na suruali zilizochanika magotini, tena alizinunua zimeshachanika. Nimvishe Satar fuvu kifuani, mzee wa watu, aende nalo msikitini?

Nikajiuliza, ni kitu gani mwanangu alikipenda kuliko nguo? Nikafungua kile kisanduku. Kumbe rahisi tu, diski zinatoka kama droo za cherehani. Nikachukua zile tatu zilizokaa kimya, nikakunja kila moja kwenye kitambaa cheupe, nikawapa mbele ya watu. Satar aliibusu, akaiweka ndani ya kofia. Walilia wote watatu.

Ile inayogonga nimebaki nayo mwenyewe. Hiyo ni ya kwangu. Sasa inagonga peke yake, na inasikika vizuri zaidi.

Umefurahi? Hizo nyingine umeme hauziui tena.

Mama yako


Yekaterinburg, 29 Aprili

Mama,

Nakuamkia. Mimi mzima, Gulbara mzima, hakuna habari.

Barua yako niliisoma nimesimama kituoni nikacheka kwa sauti, wallahi nimecheka, hadi watu wakanikimbia. Umegawa zilizo hai ukabaki na maiti. Kwenye diski moja moja hakuna kitu, Mama. Si kwamba Satar ana harusi na Eshim ana tohara. Kila picha imekatwa vipande na kila mmoja ana kipande. Zisipokutana hakuna harusi, hakuna tohara, hakuna Ularbek.

Nenda kwao. Waombe zote tatu. Waambie mtu asizichomeke mahali popote. Najua hilo ni jambo gani. Najua halifanyiki. Lifanye.

Kanyshai


Kök-Jar, 6 Julai

Kanyshai,

Umeona kimya changu. Nilikuwa malishoni juu, nimepeleka kondoo, na ukweli ni kwamba sikutaka kuandika. Kumis ya maziwa ya farasi mwaka huu ni kali, majani mengi. Shangazi yako ameng'olewa jino. Ndama amekuwa jambazi kamili.

Nilikwenda. Tangu bonde hili liumbwe hakuna mama aliyerudi kuwanyang'anya waliomuosha mwanawe. Satar alinirudishia papo hapo, akageuza uso akaenda kuchanja kuni ambazo hakuzihitaji. Hadi leo tukikutana dukani ananunua chumvi haraka anaondoka.

Kwa Kachkyn nilikuta wameishonea ya kwao mfuko wa ngozi na kuitundika juu ya kitanda cha mjukuu, iwe hirizi. Mtoto alikuwa na homa, homa ikaisha siku ile ile. Mkamwana wake akasimama mlangoni amepanua mikono: "Mama, chukua ng'ombe, chukua hata mimi, hiyo huchukui." Nilivua bangili yangu ya fedha, ile ya nyanya yako, nikaitundika pale badala yake. Ndipo akanipisha.

Ya Eshim imekwisha. Mwanawe Nurdin, mtu mzima na ndevu zake, aliichomeka kwenye kompyuta, ikamuuliza afute yote, akasema ndiyo. Ameijaza tamthilia za Kituruki hadi juu. Nilimuuliza, "Uliona nini humo kabla ya kufuta?" Akasema, "Hakuna kitu, Mama. Kompyuta ilisema ni tupu." Eshim alikaa chini palepale kizingitini akajifunika uso. Sikuweza hata kumtukana kijana.

Nimempa Bakyt hizo mbili, amezivika soksi za sufu. Mtu wake anasafiri kwa ndege wiki ijayo.

Ya kwangu siitumi. Usiniombe.

Mama yako


Yekaterinburg, 24 Julai

Mama yangu,

Diski zimefika na soksi zake. Huku joto, mbu wanatumaliza. Gulbara amevunja uchumba, kisha akaurudisha, sasa ananuna kwa sababu sikushangaa mara zote mbili.

Nilizipeleka kwa Dilyara. Amezisoma, ni nzima kabisa, Satar na Kachkyn wamezitunza kuliko mimi ninavyotunza macho yangu. Lakini mbili hazitoshi. Lazima ziwe tatu. Ya Nurdin imekufa kifo cha kijinga, hairudi. Imebaki yako. Dilyara anaweza kuifungua, akaipa mkono mwingine, akajaribu kuisoma kabla haijaharibika moja kwa moja. Nafasi ni moja tu. Aliniuliza imegonga kwa muda gani. Nikamwambia tangu Januari. Akaivua miwani akaifuta.

Sitakuficha: ukinipa, haitagonga tena. Tupate kitu tusipate, kule kugonga ndio mwisho.

Na kuna jambo nimelifungia mdomo tangu mwanzo. Niliambiwa kwamba siku ya mazishi wanawake walikaa ndani ya hema la sufu wakikungoja wewe uanze mbolezi, nawe ukageukia ukuta ukakaa kimya mpaka wanaume walipombeba. Wewe Mama, unayefuatwa kwa gari kutoka mabonde ya mbali uwalilie wafu wa watu wasio hata wa ukoo wetu. Kaka yangu amekwenda bila kuimbiwa. Sikukuuliza kwa sababu mimi sikuwepo, na asiyekuwepo hana mdomo. Lakini halinitoki. Kwa nini, Mama?

Kanyshai wako


Kök-Jar, 10 Septemba

Binti yangu,

Tumeshuka kutoka malishoni. Viazi vizuri mwaka huu. Wote wazima.

Umeuliza, basi nakujibu mara moja tu. Hawakunionyesha uso. Mto ulikuwa umemharibu, Kachkyn akaniambia, "Dada, usimtazame, mkumbuke alivyokuwa." Nikatii. Walinipa kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe, wakasema ni mwanangu. Wanawake wote wakanitazama. Nikafungua mdomo. Nitamlilia nani? Mbolezi unamwimbia mtu, unamwita jina, unamwambia ulikuwa hivi na hivi. Mimi nilikuwa na furushi. Nikasema moyoni, nisiimbe, nikiimba itakuwa kweli. Na jioni ile ile akaanza kugonga. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Tangu barua yako nimekaa naye siku nyingi. Kugonga kwenyewe kumekuwa dhaifu. Zamani kulikuwa kama kifundo cha kidole mlangoni, sasa ni kama ukucha. Ulisema anafutika. Nilikuchukia kwa neno hilo, Kanyshai. Sasa nalisikia mwenyewe.

Leo nimekaanga boorsok, nimekaa, nimemwambia, "Dada yako anakuita, nenda kwake, huku kwangu umechoka." Nikachomoa waya. Nimeikunja kwenye kilemba changu. Mwambie huyo Dilyara mikono yake iwe safi.

Nyumba imenyamaza kabisa. Sijui nikae upande gani.

Mama yako


Yekaterinburg, 25 Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia, na barua hii isome umekaa.

Dilyara ameifungua. Sahani imekwaruzwa vibaya, ameniita nikaitazame, duara la kijivu pale ambapo pangeng'aa. Amefanya alichoweza. Kilichorudi ni kidogo, na hicho kidogo kimechakaa. Nimeangalia hadi macho yameuma. Bibi harusi anainama na pale penye uso pana rangi ya kijani tu. Mzee anakata nyama, mkono unabaki hewani, haushuki tena. Farasi wanakimbia nusu nusu. Wengine niliwatambua kwa viatu. Na sauti, Mama, mara nyingi ni mluzi tu, au ni watu wote isipokuwa yeye.

Lakini ipo moja ambayo sauti imebaki nzima. Ni ya vuli iliyopita, alipokuwa anajaribu kamera mpya chumbani kwake, na aliyeketi mbele yake ni wewe. Picha ni mabaka matupu. Sauti ni yake, hakuna mluzi, kama yuko hapo. Ni fupi sana. Nimeisikia mara moja, nikalia hadi Gulbara akamwita jirani.

Sikwambii anasema nini. Nimeiweka kwenye flashi, Bakyt atakuchomekea kwenye televisheni. Usiwe peke yako, Mama. Mwite shangazi.

Nimepata habari za makaratasi yangu. Huenda kiangazi nikaja.

Kanyshai wako


Kök-Jar, 19 Novemba

Mwanangu Kanyshai,

Mimi ni mzima. Shangazi yako mzima, wote wazima, usiogope ukiona mwandiko huu umepotoka. Njoo kiangazi. Njoo hata kabla, wakikufungia mlango huko, huku upo wazi.

Ulisema nisiwe peke yangu. Nilikuwa peke yangu. Nilimwambia Bakyt anionyeshe pa kubonyeza, kisha nikamfukuza, naye akatii, jambo ambalo halijawahi kutokea. Niliihamishia televisheni chumbani kwake, nikaketi juu ya zulia, nikabonyeza.

Uliyoyaona umeyaona, mabaka. Halafu akasema, "Mama, sogea kushoto kidogo, uko gizani."

Nikasogea. Sisemi yule wa kwenye televisheni. Mimi. Nilijinyanyua na magoti yangu haya nikasogea kushoto, nikaweka kilemba sawa, nikatazama mbele. Akasema, "Hapo hapo. Usitikisike." Sikutikisika. Akasema, "Haya, anza." Nikajisikia nikicheka mle ndani, nikimuuliza, "Nianze nini, mjinga wewe?" Na pale pale ikakatika.

Nikangoja anijibu. Niliketi vile vile alivyoniweka, nikangoja mpaka shingo ikakakamaa. Hakuna aliyesema kitu. Hakuna aliyegonga. Nilisikia mbwa wa Satar, nikasikia maji yakichemka jikoni, na chumbani humo hamkuwa na mtu isipokuwa mimi. Ndipo nilipojua, Kanyshai. Tangu Januari sikuwa nimejua.

Nikageukia ukuta, nikaanza.

Sauti ilikuwa imeota kutu, maneno ya kwanza yalitoka kama kikohozi, kisha yakaja yote. Nilimwita kwa jina lake. Nilimwambia alivyozaliwa wakati wa dhoruba, alivyokuwa hawezi kula bila kuzungumza, suruali zake zilizochanika, mto ulivyomchukua. Nilimwimbia mpaka mwisho, sikuruka kitu.

Dirisha lilikuwa wazi kwa moshi wa mafuta ya boorsok. Unajua watu wa hapa wakisikia mbolezi hawaulizi, wanakimbia kwanza. Waliacha ng'ombe bila kukamuliwa. Wanawake waliingia wakinikumbatia mmoja mmoja, wanaume wakaja wakilia kwa sauti tangu langoni, kama inavyopasa, bila hata kujua wanamlilia nani. Nyumba ikajaa. Wakaangalia huku na huku wakimtafuta maiti, hawakumwona. Mwishowe Kachkyn akainama mbele yangu, machozi yamemjaa ndevuni, akaniuliza, "Dada, nani? Nani amefariki?"

Nikamwambia, "Ularbek. Mwanangu Ularbek amefariki."

Mama yako